Karamba Diaby alikuwa mtu wa mtaa kabla hajawa mbunge wa Ujerumani

Leo nataka niandike kuhusu mwanasiasa mmoja wa Ujerumani, na najua wapo watakaouliza sie na Ujerumani wapi na wapi, lakini nisomeni kidogo maana huyu bwana nimemfatilia muda mrefu na kila nikimsoma naona mna jambo letu ndani yake. Anaitwa Karamba Diaby. Kazaliwa 1961 Marsassoum, mji mdogo wa Casamance kule kusini mwa Senegal, na kuanzia 2013 mpaka 2025 alikuwa mbunge wa Bundestag, bunge la Ujerumani, akitokea mji wa Halle. Alivoingia 2013 magazeti ya dunia nzima yaliandika habari moja tu, kuwa mtu mweusi alozaliwa Afrika kaingia bungeni Berlin. Mwaka ule ule aliingia na Charles Huber wa chama cha CDU, huyo babake Msenegali lakini yeye mwenyewe kazaliwa Munich, alikuwa mwigizaji maarufu wa televisheni. Basi watu wengi wakaishia hapo, kwenye rangi na picha. Mie naona utamu wa habari yake uko kwenye ile miaka ishirini na kitu kabla ya bunge, wakati hakuna kamera iliyokuwa ikimtafuta.

Utoto wake ulikuwa mzito. Mamake alifariki yeye akiwa mchanga wa miezi, babake nae akafariki yeye bado mdogo wa skuli, akalelewa na dada yake mkubwa. Akasoma hivo hivo mpaka akafika chuo kikuu cha Dakar, na hapo akajiingiza kwenye harakati za wanafunzi. Hizo harakati ndo zilomfungulia mlango, kwa sababu kupitia umoja wa kimataifa wa wanafunzi, ule uliokuwa na makao yake Prague, akapata skolaship ya kwenda Ujerumani ya Mashariki. Mwaka 1985 akaondoka, hajui Kijerumani hata neno.

Wanafunzi wa kigeni wengi wakifika walikuwa wanapelekwa mwanzo Leipzig, kwenye chuo kilichoitwa Herder-Institut, wanakaa karibu mwaka mzima wanasomeshwa lugha tu, afu ndo wanagawiwa vyuo. Hayo nayajua hata kabla ya kumjua Diaby kwa sababu ami yangu mmoja alipita hapo hapo, yeye ni katika vijana wa Zanzibar walopelekwa GDR, yaani hiyo hiyo Ujerumani ya Mashariki, kusoma, na mpaka leo akikasirika anahesabu kwa Kijerumani. Siku moja jioni tuko barazani nikamuekea video ya Diaby anazungumza bungeni, nikamwambia Ami msikilize huyu, ni Msenegali. Akaichukua simu akaisogeza sikioni kama redio, kimya, afu akaanza kucheka peke yake. "Mwanangu, huyu kasoma Leipzig huyu. Wallahi. Msikilize anavovuta maneno, ni sisi hasa." Akataka nimuekee tena na tena, na kila pale wabunge wanapopiga makofi na yeye anapiga paja.

Kutoka Leipzig Diaby akapelekwa Halle, mji ulioko kwenye mto Saale, kusomea kemia. Halle ni mji wa viwanda vya kemikali, pembeni yake kuna Leuna na Buna, viwanda vikubwa khasa wakati ule, na makaa ya kahawia yakichomwa kila pahala, moshi na masizi mpaka nguo ulizozianika zinageuka rangi. Kwenye mji huo huo watu walikuwa na bustani zao. Hizi bustani za Kijerumani inafaa nizieleze kidogo maana bila ya kuzielewa humuelewi Diaby. Mtu anakaa kwenye fleti, hana ua, hana hata pa kupanda mchaichai, kwa hiyo mji mzima umezungukwa na mashamba madogo madogo yaliyopimwa, kila familia inakodi kipande chake kwa bei ndogo kupitia chama cha wenye bustani. Sheria yao ya mwaka 1983 inasema kipande kisizidi mita za mraba 400, na kibanda ndani yake kisizidi mita 24, na sehemu ya ardhi lazima ipandwe matunda na mboga, huwezi kuweka majani ya kukalia tu. Ujerumani nzima zipo karibu milioni moja. Ni mambo makubwa kwao, vina uongozi, vina katiba, vina mikutano, watu wanagombana kwa ajili ya uzio wa jirani na wanazikana pia.

Ami anahadithia kuwa bibi mmoja wa Kijerumani alokuwa na bustani karibu na bweni lao alikuwa akiwaita vijana Jumapili wamsaidie kuchimba viazi, na wakimaliza anawapa kila mmoja mfuko wake na vitunguu juu. Hawakuwa wakielewana sana kwa lugha lakini walikuwa wakielewana kwa viazi.

Sasa Diaby alipofika kwenye shahada ya uzamivu (PhD), akachagua kufanya utafiti juu ya udongo wa bustani hizo za Halle na viunga vyake. Swali lake lilikuwa la mtu wa kawaida kabisa: kwa moshi wote ule wa viwanda, je mboga wanazokula watu zina sumu au hazina? Madini kama risasi, kadimiamu, zinki na shaba yanakaa kwenye udongo miaka na miaka, mmea unayanyonya, mtu anakula karoti hajui anakula nini. Na baada ya Ujerumani mbili kuungana ardhi ilipanda thamani, kila mwenye pesa akaanza kuangalia kipande gani kinaweza kujengwa, kwa hiyo swali la udongo mchafu au safi likawa swali la watu kubaki na bustani zao au kuondoka. Yeye akaingia bustani moja baada ya nyengine, anachukua sampuli, anazungumza na wazee, ananywa kahawa yao, anarudi maabara. Alimaliza mwaka 1996 na majibu yake yaliwapa wenye bustani utulivu, kuwa mboga zao zinalika.

Hapa huwa nasimama kila nikisoma habari yake. Fikiria kijana wa Casamance anagongea mlango wa kibanda cha mzee wa Kijerumani miaka ya mwanzo ya 1990, miaka ambayo vijana wenye vichwa vya upara walikuwa wakipiga wageni barabarani, na anamwambia habari za asubuhi, naomba udongo wako kidogo. Wale wazee walimjua kwa jina na walimjua kwa kazi, na mie naamini kwa moyo wangu wote kuwa kura zake za miaka mingi baadae zilianza kuota kwenye bustani zile.

Miaka yenyewe ilikuwa mibaya nisiifunike. Ukuta wa Berlin ulianguka Novemba 9, 1989, na Oktoba 3, 1990 GDR ikawa haipo tena, nchi ilokuita kusoma imefutika wewe uko ndani ya darasa. Wanafunzi wa kigeni wakabaki hawajui skolaship itaendelea au ndo warudi makwao na masomo nusu, na Diaby akawa mmoja wa waliosimama kuwasemea wenzake. Huku na huku wafanyakazi wa Msumbiji, Angola na Vietnam wakarudishwa makwao kwa maelfu, wengi bila ya haki zao kamili. Hoyerswerda 1991 na Rostock 1992 watu walizizingira nyumba wanazokaa wageni wakazipiga mawe na moto, majirani wengine wamesimama wanashangiria. Na mwaka 2000, Dessau, mji ambao hauko mbali na Halle, Alberto Adriano, mtu wa Msumbiji, mwenye mke na watoto, alipigwa usiku na vijana watatu mpaka akafa. Diaby alikuwa anaishi mkoa huo huo, kaoa hapo hapo, analea watoto wawili hapo hapo. Angeweza kuhamia Frankfurt au Berlin kama walivohama wengi, hakuhama.

Alichofanya ni kazi za jamii. Alifanya kazi kwenye taasisi za elimu ya uraia, akafanya kazi za vijana na za kuwasaidia wageni watafute ajira na waelewe mfumo, akaingia kwenye baraza la wageni la mji wa Halle. Baraza hilo kwa wenzetu ni chombo cha ushauri, watu wasio raia hawana kura ya kuchagua bunge wala diwani (raia wa nchi za Umoja wa Ulaya ndo wanaopiga kura za udiwani), kwa hiyo mji unawapa meza ya kukaa na kusema shida zao. Halina pesa, halina ukubwa, mikutano yake ni ya jioni baada ya kazi, na mambo yenyewe ni fomu, nyumba, watoto skuli, kozi ya lugha, basi gani inasimama wapi. Baadae akawa mwenyekiti wa baraza la kitaifa linalounganisha mabaraza kama hayo nchi nzima. Uraia aliupata 2001. Kwa hesabu nyepesi hiyo ni miaka 16 ya kukaa nchini bila ya kura, na yote hiyo alikuwa anaitumikia nchi.

Sasa nimeandika "anaitumikia" na sioni neno dogo kuliko hilo litakalofaa.

Chama aliingia 2008, SPD, chama cha Social Democrats, chama kikongwe kabisa cha Ujerumani ambacho historia yake wanaihesabu tangu 1863. Angalieni hiyo tarehe vizuri jamani. Huyu mtu kaingia chama ana miaka 46, kashafanya kazi ya jamii miaka mingi, afu ndo kachukua kadi. Mwaka uliofata, 2009, akachaguliwa baraza la mji wa Halle. Udiwani wa Ujerumani si ajira, ni kazi ya kujitolea, wanapewa posho tu, mchana kila mmoja ana shughuli yake, mwalimu, fundi, daktari, na jioni wanakaa kujadili maji machafu na bajeti ya skuli za chekechea. Baadae akafanya kazi pia wizara ya kazi na jamii ya mkoa wake, Sachsen-Anhalt (mikoa yao ina serikali zake na mabunge yake, ipo 16).

Mwaka 2013 ndo akagombea Bundestag. Mfumo wao wa kura naupenda kuuelezea maana kwetu watu hubishana sana juu ya viti. Mpiga kura anapewa karatasi moja ina safu mbili. Safu ya kwanza unamchagua mtu wa jimbo lako la uchaguzi, majimbo yapo 299, na wakati ule aliyepata nyingi ndo huyo. Safu ya pili unachagua chama, na hiyo ya pili ndo inayoamua chama kipate viti vingapi kwa jumla, kwa sharti chama kifikie asilimia tano au kishinde majimbo matatu. Viti vya chama vinajazwa kwa orodha ambayo kila mkoa chama kimeipanga kabla ya uchaguzi. Kwa hiyo mtu anaweza kushindwa jimboni akaingia kwa orodha, na ndivo ilivokuwa kwa Diaby mara mbili, 2013 na 2017, jimbo la Halle lilichukuliwa na CDU yeye akaingia kwa orodha ya SPD. Wapo walokuwa wakimrushia maneno kuwa kaingia kwa mgongo wa chama, kapewa tu ili chama kionekane kizuri. Akanyamaza akafanya kazi. Mwaka 2021 akagombea tena jimbo la Halle na safari hii wakampa wao wenyewe, kwa jina lake, kura ya safu ya kwanza. Mji wa Ujerumani ya Mashariki, ambako wageni ni wachache kuliko magharibi na ambako chama cha AfD kinachopinga wageni kina nguvu khasa, umemchagua mtoto wa Marsassoum ausemee Berlin. Mie siku ile nilipiga kigelegele peke yangu jikoni.

Bungeni mambo yake makubwa yalikuwa elimu na utafiti, haki za binaadamu, na uhusiano wa nchi za nje, na ndani ya kundi la SPD alikuwa akishughulikia mambo ya wahamiaji na kuishi pamoja. Alikuwa akisema sana habari ya vyeti, kwamba mtu kaja na digrii yake ya udaktari au uhandisi kutoka kwao, anaishia kuosha vyombo kwa sababu hakuna anaemtambua. Hilo kila mwenye ndugu Ulaya analijua. Sie tuna jamaa zetu huko, wengine walimu wazuri kabisa, wanapakia mizigo maghalani.

Ila nisiwapambie. Alilipia. Oktoba 9, 2019, siku kuu ya Mayahudi ya Yom Kippur, mtu mmoja mwenye silaha alikwenda kwenye sinagogi la Halle akitaka kuuwa waliokuwemo ndani wanasali, mlango ukakataa kuvunjika, akawauwa watu wawili nje, mmoja mpita njia na mmoja kwenye duka la kebabu. Mji wa Diaby huo. Miezi mitatu tu baadae, Januari 2020, wafanyakazi wa ofisi yake ya jimbo wakakuta dirisha lina matundu ya risasi. Na si dirisha lolote, ni kioo kilichobandikwa picha yake mwenyewe. Nimeiangalia ile picha ya dirisha mara nyingi kwenye simu, vitundu vidogo, na nyufa zimesambaa kwenye kioo juu ya uso wa mtu anaecheka. Akaja kutumiwa na vitisho vya kuuliwa, na hivyo si vitisho vya kupuuza, kwa sababu Juni 2019 Walter Lübcke, kiongozi wa serikali kule Kassel, alipigwa risasi barazani kwake na mtu wa siasa kali za kulia kwa sababu alitetea wakimbizi wapokelewe. Mwaka 2023 ofisi ya Diaby ikatiwa moto.

Yeye kila mara alirudi na jibu lile lile, kwamba waungaji mkono ni wengi kuliko wanaomchukia, na ofisi ikafunguliwa tena. Kuna watu wataona ni maneno ya siasa. Mie naona ukisema hivo afu kesho yake asubuhi ukaenda kukaa kwenye kiti kile kile, nyuma ya dirisha lile lile, hayo si maneno tena.

Julai 2024 akawaandikia wanachama wenzake kuwa hatogombea tena. Alisema anataka muda na familia na kuwapisha vijana, na alipoulizwa kama ni matusi ya kibaguzi anayotupiwa ndo yanamuondoa akajibu hiyo siyo sababu kubwa, ingawa hakuficha kuwa lugha ndani ya bunge lenyewe imechafuka tangu AfD ilipoingia 2017. Vipindi vitatu, miaka 12, mlango kaufunga mwenyewe. Uchaguzi ukafanyika Februari 2025 yeye hayumo kwenye karatasi.

Kuna watakaoniuliza habari ya yule mwenye asili ya Tanzania, naam, Joe Chialo. Huyo kazaliwa Bonn 1970, wazazi wake Watanzania, babake alikuwa mwanadiplomasia. Alikuwa mwimbaji wa bendi ya metali, afu akawa mtu mkubwa kwenye kampuni za muziki, akaingia CDU, na 2023 akawa waziri wa utamaduni wa mji wa Berlin mpaka alipojiuzulu Mei 2025, wakati wa mvutano mkubwa wa kupunguzwa bajeti ya utamaduni. Wapo na wengine: Aminata Touré, wazazi wake wa Mali, tangu 2022 ni waziri kwenye serikali ya mkoa wa Schleswig-Holstein, Awet Tesfaiesus alozaliwa Eritrea akawa mwanamke mweusi wa mwanzo Bundestag mwaka 2021, na Armand Zorn alozaliwa Cameroon akashinda jimbo Frankfurt mwaka huo huo. Kila mmoja ana njia yake na nitawaandikia siku nyengine inshaallah. Lakini Diaby ndie nnaemuelewa zaidi kwa sababu mie nimekulia Kikwajuni, hapa mjini Zanzibar.

Mnaokaa mbali na mjini huenda hamjui: majumba ya Kikwajuni yalijengwa kwa msaada wa hao hao GDR baada ya Mapinduzi. Zanzibar iliitambua Ujerumani ya Mashariki mwanzo mwanzo wa 1964, wakati nchi nyingi za Afrika zilikuwa zinaogopa kwa sababu Bonn, yaani serikali ya Ujerumani ya Magharibi, ilikuwa inakata uhusiano na kila anaeitambua Berlin Mashariki, na Muungano ulipokuja mwezi wa nne jambo hilo likawa mzozo mkubwa mpaka ubalozi wao hapa ukashushwa ukawa ofisi ya konseli. Mpango wa Michenzani, yale majumba marefu yanayokutana kwenye mzunguko, ulichorwa 1968 na mtaalamu wao, Hubert Scholz. Na Halle yenyewe, mwaka ule ule wa 1964, ilianza kujengewa mji mpya pembeni, Halle-Neustadt, fleti za kina Mjerumani wa viwanda vya kemikali, vipande vya zege vinakuja vimeshatengenezwa vinapachikwa tu. Ukiona picha zake utadhani umesimama Michenzani imetiwa theluji. Leo Halle-Neustadt ndiko wanakokaa wageni wengi wa mji ule, Wasyria na wengineo, na ni sehemu ya jimbo alilokuwa akiliwakilisha Diaby.

Kwa hiyo nnapomsoma nawaona majirani zangu. Jengo letu lina ngazi moja ya watu wote, bomba moja, na pampu ambayo ikifa sote tunabeba ndoo. Mambo yanakwenda kwa sababu ya mama mmoja wa gorofa ya pili ambae hana cheo chochote, si sheha, si diwani, si balozi wa chama, lakini ana daftari lake la mistari, kila mwezi anapita mlango kwa mlango anachangisha pesa za pampu na anaandika nani katoa nani bado na nani asamehewe mwezi huu kwa sababu kafiwa. Akifika mlangoni anapiga hodi, anauliza watoto, anauliza mguu wa babu umepoa, pesa inakuja mwisho kabisa. Nilipomwambia ana sifa za kugombea udiwani alinitizama kama nimemtukana. "Siasa mie? Nna kazi zangu." Na hilo ndo linaloniuma, kwamba watu wetu wenye kazi kama hizo wanaona siasa ni pahala pengine, pana watu wengine, na wale wanaoziona siasa ni pao hawajawahi kushika daftari la pampu.

Vijana wetu wa maskani nawapenda na nawasikia kila usiku wanavochambua uteuzi, nani kapewa ukuu wa wilaya, nani katolewa, nani anatajwa. Wana akili mashaallah, wanajua kila jina. Lakini wanaingoja siasa iwateremkie kutoka juu kwa simu ya uteuzi. Huyu bwana wa Halle hata kura hakuwa nayo, hata pasi ya nchi hakuwa nayo, lugha kajifunza ukubwani, na bado alipata pa kuanzia: udongo, bustani, fomu za wageni, kozi za lugha, kikao cha jioni cha watu kumi na chai baridi. Wanafunzi wetu wa chuo kikuu cha SUZA wanaosoma sayansi, mmoja wenu achukue mchicha unaopandwa kwenye mabonde yetu karibu na barabara na karakana apime kuna nini ndani yake, akawaambie wakulima wenyewe kwa mdomo wake, awasikilize na wao. Wala asingoje mradi wa wafadhili. Na wale wanaotaka uongozi 2030 wana muda wa kutosha kabisa wa kujulikana na ngazi moja ya jengo moja kwanza.

Ami yangu anaendelea kudai ampate Diaby kwenye simu wazungumze Kileipzig. Nimemwambia nitajaribu kuandika barua, na barua ataiandika yeye maana Kijerumani changu mie hakifiki mbali. Kama na nyie mna wazee wenu walosoma GDR, Leipzig, Halle, Dresden, popote, na wana picha au hadithi za miaka ile, khasa za bustani na mabweni, niandikieni hapa chini au nitumieni sauti, nataka nizikusanye kabla hazijapotea na wenyewe.